SHINGO NA MABEGA: TUYATUNZE KAMA TUNAVYOTUNZA MAKSAI

Ndugu msomaji, wewe mkulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, unajua namna ya kumtunza maksai. Kabla ya kumfunga plau unakagua nira. Ukiona nira inamkwaruza begani, unaichonga upya. Ukiona bega limevimba, humpeleki shambani siku hiyo. Unajua kwamba ukimlazimisha leo, kesho hutakuwa na ng'ombe wa kulimia.

Sasa jiulize. Bega lako mwenyewe umelikagua lini? Na mwenzako wa nyumbani, anayebeba maji asubuhi na jioni, nani amekagua nira yake?

Katika kazi yangu ya ugani ninapita vijijini wakati wa palizi, wakati wa kupulizia dawa na wakati wa kuchuma pamba. Mara nyingi nikiuliza habari za shamba, ninajibiwa habari za shingo. "Bwana shamba, pamba ni nzuri, lakini mkono hauinuki." Mimi si daktari. Kazi yangu ni mazao. Lakini shamba halilimwi na mbegu na dawa peke yake. Linalimwa na mwili wa mtu. Mkono usipoinuka mwezi wa 6, pamba iliyopasuka hubaki shambani, na vumbi na mvua huiharibu.

Kwa hiyo mwezi huu tujifunze namna ya kupunguza maumivu ya shingo na mabega yanayotokana na kukaza kwa misuli. Haya ndiyo wanayofundisha wataalamu wa tiba ya viungo. Hao ni wahudumu wa hospitali wanaotibu kwa mazoezi, kwa joto, kwa kukanda na kwa kurekebisha namna ya kufanya kazi. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, vijana wa Tanzania wamefundishwa kazi hiyo kwa miaka mingi.

KWA NINI MISULI HUUMA?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kinabebwa na pingili 7 za shingo, pamoja na misuli inayozizunguka. Msuli mmoja mpana huanza kisogoni, hushuka shingoni, kisha huenea mabegani mpaka katikati ya mgongo. Msuli huo ndio unaoinua mabega.

Ukisimama wima, kichwa hutulia juu ya mwili kama mtungi uliokaa vizuri juu ya ngata. Ukiinama, kichwa huning'inia mbele. Hapo misuli ya nyuma ya shingo inabidi ikivute kisianguke, na kazi yake huongezeka mara kadhaa.

Msuli umeumbwa kukaza na kulegea. Ukikaza na kulegea kwa zamu, damu hupita vizuri na kuulisha. Lakini ukikaza muda mrefu bila kulegea, mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake hubanwa. Damu hupita kwa shida. Msuli huchoka, kisha huanza kuuma.

Unaweza kulithibitisha jambo hili sasa hivi. Nyosha mkono mtupu mbele yako usawa wa bega, uushikilie hapo bila kuushusha. Baada ya muda mfupi bega litaanza kuwaka moto, ingawa hukubeba kitu. Basi, fikiri hali ya bega linalokaza kutwa nzima.

Tena kuna jambo la pili. Mtu akisikia maumivu huogopa kuigeuza shingo. Huishikilia isisogee. Huko kuishikilia ni kukaza zaidi. Hivyo maumivu huzaa kukaza, na kukaza huzaa maumivu. Wasiwasi nao huongeza taabu. Mtu mwenye deni au mwenye kukosa usingizi huinua mabega kuelekea masikioni bila kujua.

KAZI ZINAZOTUUMIZA

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama au binti anayekwenda kisimani mara 3 kwa siku amebeba kilo 60. Mwaka 2010 watafiti walitoa taarifa juu ya watu wanaobeba maji katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini. Wengi wa waliohojiwa walilalamika maumivu ya shingo au mgongo. Jambo hili si la Simiyu peke yake.

Bomba la kupulizia dawa la lita 15 likijaa lina kilo 15 za maji, na uzito wa bomba lenyewe haujahesabiwa. Mikanda yake hukata mabega, na mkono mmoja hupampu bila kupumzika.

Kuchuma pamba ni kazi nyepesi kwa uzito, lakini kichwa huinama kwa saa nyingi. Jembe la mpini mfupi humkunja mtu mpaka kichwa kikaribie magoti. Mjini nako hali ni hiyo hiyo. Fundi cherehani huinamia kitambaa, na kijana huinamia simu yake mpaka usiku.

Nimemwona mama mmoja mkulima wa pamba ambaye bega lake la kulia lilimsumbua kwa misimu miwili. Alichanjwa chale. Alinunua vidonge dukani. Alichomwa sindano za maumivu, na kila mara nafuu ilidumu siku chache tu. Wengine walimwambia kwamba amerogwa na jirani, na ujirani ukaingia sumu. Mwishowe mtaalamu wa tiba ya viungo alimpima na kumwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza kabla: "Kwa siku unabeba nini, na mara ngapi?" Alimfundisha mazoezi, akamwita na mumewe. Kijana wao alianza kuchota maji kwa baiskeli. Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini msimu uliofuata mama yule alichuma pamba yake mwenyewe, na jirani yake alikuja kumsaidia.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Mazoezi haya hayahitaji fedha. Yafanye asubuhi, na tena jioni baada ya kazi. Keti juu ya kigoda au simama wima. Fanya polepole, wala usizuie pumzi. Kusikia msuli ukivutika kidogo si kosa. Lakini ukisikia maumivu makali, ganzi au kizunguzungu, acha.

1. Kupandisha mabega. Pandisha mabega yote mawili kuelekea masikioni. Hesabu mpaka 5. Kisha yashushe huku ukitoa pumzi, yalegee kabisa. Rudia mara 10.

2. Kuzungusha mabega. Yazungushe kwa kuyapeleka juu, nyuma, kisha chini. Rudia mara 10.

3. Kugeuza shingo. Tazama polepole upande wa kulia mpaka shingo ikomee yenyewe. Hesabu mpaka 5. Rudi katikati, kisha geuka kushoto. Rudia mara 5 kila upande.

4. Kulaza kichwa. Shika ukingo wa kigoda kwa mkono wa kulia, bega lisipande. Laza kichwa upande wa kushoto, kama unayetaka sikio liguse bega. Hesabu mpaka 20. Kisha badili upande. Rudia mara 3. Usikivute kichwa kwa nguvu.

5. Kurudisha kidevu. Tazama mbele. Rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayekwepa moshi wa jiko. Hesabu mpaka 5. Rudia mara 10.

6. Kubana mabega nyuma. Vuta mabega nyuma mpaka ile mifupa bapa ya mgongoni ikaribiane. Hesabu mpaka 5. Rudia mara 10.

Maumivu yakianza kupungua, ongeza mazoezi ya kutia nguvu. Msuli wenye nguvu hauchoki upesi. Tafuta mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, uoshe, ukate upate utepe mrefu. Uzungushe kwenye mti au nguzo imara, usawa wa kiwiko chako. Simama ukiutazama mti, shika ncha mbili, kisha vuta viwiko nyuma kando ya mbavu. Rudisha polepole. Fanya mara 10, pumzika, fanya tena mara 10. Zoezi lingine ni kusimama mbele ya ukuta, kuweka viganja ukutani usawa wa mabega, na kuusukuma ukuta kwa kukunja na kunyosha viwiko mara 10.

Mazoezi ya nguvu yafanywe siku 3 kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Usitazamie ajabu kesho yake. Pamba haipandwi leo ikachumwa kesho. Fanya kwa wiki 6 au zaidi, nawe utaona tofauti.

JOTO NA KUKANDA

Joto huulegeza msuli uliokaza. Loweka kitambaa katika maji ya moto, ukikamue, ukijaribu kwanza kwa upande wa ndani wa mkono wako kisikuunguze. Kisha kiweke begani kwa dakika 15 hadi 20. Usitumie joto mahali penye jeraha, penye uvimbe mpya, au penye ngozi yenye ganzi. Baada ya joto ni wakati mzuri wa kufanya mazoezi.

Kukandwa na mtu wa nyumbani husaidia pia. Akande misuli ya mabega kwa mafuta, kwa viganja na vidole gumba, polepole. Asikandamize mfupa wa shingo, wala sehemu ya mbele ya shingo.

Jihadhari na desturi moja. Baadhi ya vinyozi, wakimaliza kunyoa, hushika kichwa cha mteja na kukizungusha kwa ghafla mpaka shingo ialike. Usikubali. Katika shingo hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, pamoja na uti wa mgongo. Kuizungusha shingo kwa nguvu kunaweza kuleta madhara makubwa, hata kupooza.

Na vidonge je? Dawa za maumivu zina kazi yake, mhudumu wa afya akikupa kwa kipimo. Lakini dawa kama diklofenaki zikinywewa ovyo kwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Tena hazibadilishi uzito wa ndoo.

Zamani wengi waliamini kwamba mwenye maumivu ya shingo alale tu. Siku hizi wataalamu husema vingine. Punguza kazi nzito kwa siku chache, lakini endelea kutembea na kuisogeza shingo. Shingo isiyosogezwa hukakamaa.

TUREKEBISHE NIRA

Mazoezi bila kurekebisha kazi ni sawa na kumpaka ng'ombe dawa, kisha kumfunga nira ile ile mbovu. Haya ndiyo tunayoweza kubadili.

Maji: Beba lita 10 mara mbili kuliko lita 20 mara moja. Safari ni ndefu zaidi, lakini shingo inapona. Ukiweza, tumia baiskeli, punda au mkokoteni. Mtu mwingine akusaidie kutwika na kutua, kwa maana hapo ndipo wengi huumia. Na wanaume tukumbuke kwamba maji tunakunywa sote. Mwenye baiskeli inayolala ukutani ana dawa ya shingo ya mkewe.

Bomba: Usilijaze mpaka juu. Vaa mikanda yote miwili, uirekebishe ilingane, bomba likae karibu na mgongo. Kama mpini wa bomba lako unaweza kuhamishwa, badili mkono kila ukijaza. Usiweke matambara mabegani ili kupunguza maumivu, kwa sababu yanafyonza sumu na kuishikisha kwenye ngozi.

Kuchuma pamba: Mfuko wa kuchumia ufungwe kiunoni, usitundikwe shingoni. Umwage kabla haujawa mzito. Kila nusu saa simama wima, tazama mbali, fanya zoezi la kwanza na la sita. Hutapoteza dakika 2.

Jembe: Weka mpini mrefu unaolingana na kimo chako. Noa jembe, kwa sababu jembe butu hudai nguvu mara mbili. Badili mkono wa mbele kila ukimaliza tuta. Wazee wetu wa Usukumani walijua siri hii. Katika ngoma ya bugobogobo majembe hupanda na kushuka kwa mpigo mmoja, na mwili wote hucheza. Msuli unakaza, kisha unalegea.

Usingizi: Mto usiwe mrefu mno. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi iliyo kati ya bega na kichwa. Khanga au shuka iliyokunjwa inatosha. Usilale kifudifudi, kwa kuwa shingo hubaki imepinda usiku kucha.

DALILI ZA HATARI

Ndugu msomaji, si kila maumivu ya shingo yanatokana na misuli iliyochoka. Soma sehemu hii mara mbili, kisha uwasomee wasiojua kusoma.

Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja:

- Ikiwa shingo imekakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Mtoto asicheleweshwe hata kidogo.

- Ikiwa maumivu yanatoka kifuani yakaenda begani, mkononi au tayani, pamoja na jasho au kukosa pumzi. Huenda ni moyo.

- Ikiwa maumivu yameanza baada ya kuanguka mtini, kuanguka na pikipiki, au kuangukiwa na mzigo. Mtu huyo asigeuzwe shingo wala asikandwe.

- Ikiwa mikono inakosa nguvu na vitu vinaanguka, miguu inakuwa mizito, au mkojo hauzuiliki.

- Ikiwa baada ya kupulizia dawa shambani mtu anaumwa kichwa, anatapika, anatokwa na jasho na mate mengi, au misuli inachezacheza. Hiyo ni sumu. Mvue nguo zile, mwoshe kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali na kibandiko cha dawa iliyotumika.

Nenda zahanati upimwe pia ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, unakonda, au una kikohozi kisichokwisha. Kifua kikuu huweza kushambulia pingili za uti wa mgongo. Na kama umefanya mazoezi kwa wiki kadhaa bila nafuu, mwombe mhudumu akuelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina wataalamu hao.

TUANZE PAMOJA

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, walijadili, kisha walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliona kwamba jambo la afya likifanywa na kikundi halisahauliki upesi.

Basi nasi tufanye hivyo. Kikundi cha kina mama, darasa la kisomo, au wakulima wanaosubiri kupima pamba kwenye chama cha msingi, wanaweza kufanya mazoezi haya kwa dakika 10. Mmoja asome, wengine wafuate. Watakaocheka mwanzoni ndio watakaouliza kesho, "Lile zoezi la kidevu linafanywaje?"

Maksai akichoka, tunaweza kuuza na kununua mwingine. Bega la mtu haliuzwi mnadani. Tulikague leo, kabla msimu haujaanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba yako, ni nani anayebeba mzigo mzito kuliko wote kwa siku? Ni kilo ngapi?

2. Ni kazi gani moja mnayoweza kuirekebisha wiki hii bila kutumia fedha?

3. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba mwenye maumivu ya shingo apelekwe hospitali mara moja.